Chuma cha Mnyamwezi, Shaba ya Mgogo

"Mbukwa, mpagazi!"

Ndivyo mtani wangu alivyonipokea kila Jumamosi, kwa salamu ya Kigogo, nilipoingia uani mwa kanisa kwa mazoezi ya bendi, na hakunong'ona. Nilimwamkia shikamoo, maana alikuwa mtu wa kunizaa, akaitika marahaba kwa adabu zote, na hapo adabu zikaisha.

"Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi pwani bila kulalamika," aliendelea. "Wewe kuitoa besi stoo na kuileta hapa ukutani tu unahema. Kizazi kimeharibika."

"Babu zangu walianza kuhema walipofika hapa," nilimjibu. "Walikuta watu wamekalia visima, wanadai hongo kwa maji ya Mungu."

Bendi nzima ilicheka, kisha tukafungua vitabu vya nyimbo.

Yeye alikuwa Mgogo wa Mvumi, mwalimu mstaafu, na ndiye aliyeongoza bendi ya tarumbeta ya kanisa letu pale Dodoma mjini. Mimi ni Mnyamwezi. Makabila yetu ni watani tangu zama za misafara, wazee wetu walipokuwa wakipita Ugogo na mizigo kichwani, na wazee wao wakiwatoza hongo, yaani malipo ya kuruhusiwa kupita na kuchota maji. Waligombana, wakapatana, na ugomvi ulipokwisha ukabaki mzaha. Mtani anaweza kukuita mwizi mbele ya wakwe zako. Anaweza kukuvua kofia msibani akadai uikomboe. Na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, aibu ni yako. Ni utaratibu mzuri sana mpaka siku utakapokuwa na jambo la kweli la kumwambia mtani wako.

Nilihamia Dodoma miaka ile ya ruksa, milango ya biashara ilipofunguliwa, na maduka yaliyozoea kuuza viberiti na maelezo ya kwa nini hakuna sukari yakajaa redio za kaseti. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali. Wengi wa wakubwa wangu walikuwa wamehamia Dodoma kwenye karatasi. Miili yao ilibaki Dar es Salaam, ikaonekana wakati wa vikao vya Bunge na kuondoka navyo. Mimi nilihamia mzima mzima, na sanduku langu na jiko langu la mafuta. Sikuwa na ndugu mjini. Jioni nilirudi chumbani, nikafunga dirisha kwa sababu ya vumbi, nikala peke yangu nikisikiliza upepo. Nilikuwa mpweke, na sioni haya kulisema.

Bendi ndiyo iliyoniokoa. Mpiga besi wao alikuwa amepata uhamisho, na wanaume wote waling'ang'ania tarumbeta ndogo zinazosikika hadi barabarani. Besi, au tuba kama ilivyoandikwa kwenye sanduku lake, ndiyo kubwa kuliko zote, na ukiipiga umekaa inakulalia mapajani kama mtoto aliyekataa kuachishwa ziwa. Nilikuwa na mapaja na nilikuwa na pumzi. Mtani wangu alinitazama nilivyoikumbatia, akasema, "Hatimaye Mnyamwezi amepata mzigo wake." Kuanzia hapo nikawa na kwetu. Jumamosi mazoezi, Jumapili ibada, na kadiri pesa zilivyoanza kuzunguka mjini, harusi na sendofu. "Yule dada wa besi," watu walisema nilipopita sokoni, nami nilipunguza mwendo ili niwasikie vizuri.

Shida ilikuwa kipulizio. Ndivyo tulivyokiita kile kikombe kidogo cha kuwekea midomo, kinachochomekwa kwenye bomba la besi na kutolewa ukimaliza. Chetu kilikuwa cha shaba. Kilikuja na besi yenyewe enzi za wamisionari, na mtani wangu alikuwa amekipiga mwenyewe alipokuwa mwanafunzi. Zamani kilipakwa fedha juu, lakini fedha ilikuwa imelika kwenye midomo ya walionitangulia, mimi nikaachiwa shaba tupu. Nikipiga muda mrefu, mdomo wa juu uliwasha, ukavimba, na kesho yake nilifika ofisini na duara jekundu usoni kama niliyebusu sufuria ya moto.

Nilimwambia mtani wangu.

"Mwalimu, shaba hii inanila mdomo."

"Ina haki. Wenzako walibeba kwa kichwa, wewe umeleta mdomo."

"Kweli, Mwalimu. Hebu angalia."

Aliangalia. Kisha akaita watu. "Njooni muone! Mnyamwezi amejipodoa!"

Wakacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu mtani hakasirikiwi. Nilirudia Jumamosi nyingine, na nyingine. Kadiri nilivyosisitiza ndivyo alivyoona kuwa utani wangu umekolea. Siku niliyomletea mdomo uliopasuka kabisa, alinisifu kuwa sijawahi kuigiza vizuri kiasi kile. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na huyu mzee alikuwa amekilalia kitanda hicho kabla kunguni hawajaingia.

Aliyeniokoa ni mfanyabiashara mmoja wa sokoni, mwenyeji wa mji kwa vizazi. Babu yake alikuja na misafara kama babu zangu, ila yeye alikuwa mwenye mzigo, si mbebaji, na mjukuu alikuwa bado na sauti ya mwenye mzigo. Miaka ile marobota ya mitumba yalishusha vitu ambavyo hakuna aliyeviagiza. Mezani pake, kati ya viatu vya magurudumu na mashine ya kukamulia machungwa, nilikiona: kipulizio cha besi, cha chuma cha pua, kizito, cheupe, hakina hata doa la kutu.

"Hicho ni kikombe cha yai, dada yangu," alisema.

"Mbona kimetoboka?"

"Ndiyo maana nakuuzia rahisi. Kingekuwa kizima ungekiweza?"

Sikumsahihisha. Nilikinunua, nikapitia kanisani palepale, nikakizungushia uzi kidogo ili kikae sawasawa kwenye bomba, nikapuliza.

Sitasema kilikuwa bora kwa kila kitu. Mdomo ukipata jasho, chuma kinateleza. Asubuhi za Julai, upepo wa Dodoma unapokata masikio, kilikuwa baridi hadi meno yakalalamika. Na sauti yake ilikuwa wazi, imenyooka, kali kidogo. Sauti ya shaba ilikuja polepole, nzito na laini, ikakukaa kifuani. Masikio yangu yalipenda shaba, na hilo sikumwambia mtu. Lakini mdomo ulipenda chuma, na mdomo ndio uliokuwa na kidonda. Nilipiga hadi nikachoka, nikajigusa, hakuna kuwasha wala kuvimba. Nilikaribia kulia kwa furaha.

Jumamosi hatukumaliza ubeti mmoja kabla mtani wangu hajainua mkono.

"Nani ameingiza reli kanisani?"

Nilimwonyesha. Alikigeuza kipulizio changu mkononi kama mtu aliyepewa chenji ya uongo.

"Hiki ni chuma."

"Ni chuma cha pua, Mwalimu. Hakishiki kutu, na hakinili."

"Chuma ni cha jembe. Besi inataka shaba. Shaba ina huruma."

"Huruma hiyo mbona mimi sijaiona? Labda inawajua Wagogo peke yao."

Wenzetu wakaanza kushika mbavu. Yeye akanirudishia kipulizio, akasema taratibu, "Katika bendi hii besi itapigwa kwa shaba, au itapigwa na mtu mwingine."

Nilicheka kuliko wote. Nikarudisha chuma changu mahali pake, nikakipiga hadi mwisho wa mazoezi, tena kwa nguvu, kwa kuwa mtani akichokoza huchokozwa. Kumbe safari hiyo hakuwa akitania. Jumamosi iliyofuata niliikuta besi mapajani mwa karani mmoja wa benki, mwanamume mwenye mashavu mengi na pumzi chache, na mimi nikakabidhiwa matoazi. Nilimtazama mtani wangu nikingoja atabasamu. Alikuwa akipanga vitabu vya nyimbo.

Nilipiga matoazi. Niliyapiga kwa hasira hata mwenye tarumbeta ya mbele akahama kiti. Usiku sikulala vizuri. Si matoazi yaliyoniuma. Niliona nimerudishwa kwenye chumba changu na dirisha langu na upepo wangu. Nani angesema tena "yule dada wa besi"?

Watu wanaotaniana wakiwa na neno la kweli humtafuta mtu wa tatu alipeleke. Mimi mjini sikuwa na mtu wa tatu. Niliyemkumbuka ni mke wake, naye alikuwa Mgogo, kwa hiyo mtani vilevile, lakini mwenye shida hachagui mlango. Nilimfuata nyumbani kwao Ihumwa, ng'ambo ya reli, nikamkuta amekaa kwenye mkeka anapepeta uwele.

"Karibu, mpagazi! Mzigo umeuacha wapi?"

Jibu nilikuwa nalo, zuri tu, nilikuwa nimeliandaa njiani. Nilifungua mdomo nilitoe, nikaanza kulia.

Aliweka ungo chini. Nadhani katika utani wote wa Wanyamwezi na Wagogo hakuna kanuni ya nini kifanyike mtani akilia kweli. Alinishika kidevu, akanigeuzia uso kwenye mwanga.

"Hii ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Na yeye kila Jumamosi anarudi hapa anacheka mpaka anakohoa, ananisimulia jinsi Mnyamwezi wake anavyojua kuigiza!" Aliingia ndani, akatoka na samli, akanipaka mdomo kwa kidole kama mtoto mdogo. Kisha akaniuliza, "Na wewe, amekwambia kwa nini anang'ang'ania hiyo shaba?"

"Anasema chuma ni cha jembe."

"Hilo ndilo analosema." Akapunguza sauti ingawa tulikuwa wawili tu. "Sikio lake moja limekufa. Hilo lililobaki, sauti kali zinalichoma. Besi ya shaba ndiyo anayoipata vizuri, anasema anaisikia hapa," akajigusa kifuani. "Mwalimu wa bendi asiyesikia ni mwalimu wa nini? Anaogopa mkijua mtamwondoa. Na wewe usimwambie kuwa nimekwambia."

Nilijifuta samli iliyonitiririkia kidevuni. Mimi nilikuwa nimemlilia mdomo, akaona mchezo. Yeye alikuwa amelilia shaba kwa ajili ya sikio lake, nikaona mchezo. Tulikuwa tumechekeana kwa miezi, kila mmoja anaumwa, na kila mmoja anamsifu mwenzake kwa ucheshi.

Mama yule alisema nini usiku ule sijui. Jumamosi nilifika, nikaelekea kwenye matoazi yangu bila kumtazama mtu.

"Mbukwa, mpagazi! Njoo hapa mbele."

Nilikwenda. Karani wa benki alikuwa amesimama pembeni, anapumua kwa raha ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Jamani," mtani wangu aliwaambia wenzetu, "huyu ana mzigo wa chuma anataka kuupitisha Ugogo. Tangu dunia iumbwe, mzigo wa Mnyamwezi haujawahi kupita hapa bure. Lazima alipe hongo."

"Hongo gani?" niliuliza.

"Asali. Ya Tabora, isiyotiwa maji. Chupa ijae mpaka shingoni, siwajui nyie?"

"Na mdomo wangu nao nani ataulipia hongo?"

Wenzetu walicheka. Yeye hakucheka. Aliinama akautazama ule mdomo, na kwa mara ya kwanza hakuita mtu aje kuona.

"Huo nitaulipa kidogo kidogo," alisema, akageuka kufungua kitabu.

Kwa mtani, hapo ameomba radhi kwa kupiga magoti. Nilijua, naye alijua kuwa nimejua, na hatukulizungumza tena. Asali niliitoa, mama yangu alikuwa amenitumia kwa treni, na iliniuma kuitoa, maana ilikuwa asali ya nyuki wadogo. Nilirudi kwenye besi yangu na chuma changu.

Kuanzia siku hiyo mtani wangu hakusimama tena mbele ya bendi. Alisimama ubavuni mwangu, mkono mmoja unaongoza, kiganja cha mkono wa pili kimelala juu ya mwili wa besi. Wageni waliona ni madaha ya mzee. Mimi nilisikia kiganja kile kinavyotulia sauti ikimfikia na kinavyogongagonga isipomfikia, nami nikajifunza kukilainisha chuma, kukipuliza kwa upole, mpaka kiganja kisigonge tena. Haikuwa shaba. Lakini siku moja baada ya harusi alisema, "Unasikika kama treni ya mizigo. Ila hiyo treni inafika."

Kipulizio cha shaba alinipa miaka michache baadaye, kimefungwa kwenye leso.

"Kaa nacho. Siku ya kunizika utanipigia kwa hiki. Siku hiyo sitaki kusikia chuma."

"Siku hiyo nitapiga chuma mpaka uamke unifukuze."

"Thubutu!" alisema, na tukacheka sana, tukaenda kunywa chai.

Alipofariki tulipanda lori la kukodi hadi Mvumi, bendi nzima na vyombo vyetu, tumejifunga kanga na vitambaa vichwani kwa ajili ya vumbi. Vipulizio vyote viwili vilikuwa kwenye mkoba wangu, na njia nzima nilivisikia vikigongana. Swali lilikuwa moja. Siku ile ya leso, alikuwa anatania au anasema kweli? Nilikuwa nimeshawahi kukosea kwa mtu huyu. Na sasa wa kumuuliza ndiye aliyekuwa ndani ya jeneza.

Walipotaka kulitoa jeneza nyumbani, nilifanya linalompasa mtani. Nilikwenda nikasimama katikati ya njia, nikaiweka besi mbele yangu, nikapaza sauti.

"Hapiti mtu! Ugogo nzima leo inapita mikononi mwa Mnyamwezi. Hongo iko wapi?"

Waombolezaji waliokuwa wakilia wakaanza kucheka huku wanalia. Vijana waliobeba jeneza wakasimama. Mjane mwenyewe alijikongoja hadi nilipo, akaingiza mkono kwenye kanga, akanipa kifurushi cha gazeti. Nilikifungua mbele ya watu wote.

"Mlenda!" nilipiga kelele. "Mlenda mkavu! Baba zenu walitoza nguo na shanga, mimi nimetoa asali ya nyuki wadogo, leo nalipwa mlenda, mboga ya kuokota porini!"

Hata mchungaji aligeukia pembeni. Mama yule alinishika mkono, akaubana, akasema, "Mwache apite, mpagazi. Amechoka." Nikawapisha.

Kaburini nilitoa chuma. Wenzangu wa bendi walinitazama, kwani habari ya leso waliijua. Nilikichomeka, nikasema kwa sauti wanayoweza kuisikia wote, "Mwalimu, nimeleta reli. Inuka unizuie." Nikapiga ubeti wa kwanza wa wimbo wa kuaga, wazi, mkali, kwa nguvu zote nilizonazo, kama nilivyoapa.

Nilipomaliza nilishusha besi, nikangoja. Najua ni upumbavu, lakini nilingoja kweli. Watu walikuwa bado wanatabasamu. Upepo ulipuliza udongo mwekundu juu ya viatu vyetu, na hakuna aliyeuliza nani ameingiza reli makaburini.

Hapo nikajua kwamba nimebaki bila mtani. Nilifungua leso, nikatoa chuma, nikaweka shaba. Nilisogea hadi ukingoni, nikapiga magoti, nikaielekeza besi kaburini, karibu na ubao wa jeneza kadiri nilivyoweza kufika bila kuanguka, nikapiga beti zote zilizobaki, taratibu, kwa ile sauti ya kukaa kifuani. Mdomo ulianza kuwasha kwenye ubeti wa pili. Sikuacha.

Jumatatu nilifika ofisini na duara langu jekundu, limevimba kuliko wakati wowote. Mkubwa wangu mmoja, aliyekuwa amekuja kwa ajili ya vikao vya Bunge, alinitazama kwa huruma akaniuliza nimeumwa na nini.

"Na mtani wangu," nilimjibu, nikaweka karatasi kwenye mashine.